Kidole cha Mama Ivyne

Riruta, hapa Nairobi, ina mafundi wa kila aina. Kuna wa kuziba sufuria, kuna wa kufungua simu zilizojifunga, kuna kinyozi mmoja kando ya Naivasha Road anayekunyoa huku akikutafutia mchumba. Na kwa miaka ishirini na minane kulikuwa na Selpher Awiti, fundi wa kilimi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ivyne.

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya mdomo. Wewe unacho, mimi ninacho, na hakijamkosea mtu. Lakini mtoto mchanga akilia siku tatu mfululizo, akicheua maziwa, akikohoa, akikonda, au hata akinenepa kwa namna isiyowapendeza majirani, basi shangazi yeyote aliyetoka pande za magharibi atakwambia bila kupepesa macho: huyo kilimi kimemzidi, mpeleke kwa Mama Ivyne.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mama mtoto anaketi kwenye stuli. Selpher ananawa mikono kwa sabuni mara mbili, anachovya kidole cha shahada kwenye maji ya chumvi, kisha anasema maneno fulani kwa sauti ya chini sana. Ilibidi iwe ya chini, kwa sababu yalikuwa tu majina ya masoko ya kwao Siaya, na wateja wake wengi walikuwa wameshayatembelea. Kidole kinaingia, mtoto anapiga ukelele, kidole kinatoka, na kwenye ncha yake kuna kitu cheupe, laini, kinateleza.

"Ndio hii," anasema Selpher.

"Yawa! Hii yote ilikuwa kwa mtoto wangu?"

Haikuwa kwa mtoto wa mtu. Ilikuwa ngozi ya shingo ya kuku. Selpher aliichemsha, akaikatakata vipande vidogo kama ukucha, akaviweka kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, na kila asubuhi alibandika kimoja katikati ya vidole viwili kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi. Nimesema aliichemsha. Hakuwa mtu mchafu.

Na usimhukumu haraka, maana alikuwa na sheria zake. Wembe hakushika. Mtoto mwenye homa, au asiyenyonya, au anayehema mpaka mbavu zinahesabika, alimtia kidole kama wenzake, halafu akamwambia mama yake: "Mimi nimetoa mzizi. Sasa kimbia hospitali wakupe dawa ya kidonda." Hospitali inamtibu mtoto, mtoto anapona, na mama anarudi Riruta na kuku wa shukrani mkononi. Shingo ya kuku huyo inaingia kwenye kikopo. Wale wengine, ambao ndio wengi, walikuwa watoto wazima waliokuwa wakilia kwa sababu watoto hulia, na walinyamaza wenyewe walipochoka. Kwa miaka ishirini na minane Selpher hakuwahi kushindwa, jambo ambalo hakuna daktari wa Nairobi anayeweza kulisema.

Binti yake Ivyne alikulia katika chumba hicho hicho, nyuma ya pazia, akifanya hesabu za shule huku watoto wa watu wakipiga mayowe. Alifaulu, akasomea mambo ya dawa chuoni, akapata kazi kwenye duka la dawa katikati ya jiji, la bwana mmoja aitwaye Shamir. Hapo ndipo aibu ilipomwingia. Wenzake wakimuuliza mama yake anafanya kazi gani, alijibu, "Anashughulika na watoto," na wao wakadhani ni mwalimu wa chekechea.

Aliolewa na Maxwell Obuya, karani wa bima, kijana mpole asiyependa makelele, wakapanga nyumba Mountain View. Walipojaliwa mtoto wa kike walimwita Hawi, yaani bahati. Siku ya nne Selpher akafika na uji wa wimbi kwenye thamosi. Ivyne alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akamwambia kabla hata hajavua viatu:

"Mama, karibu. Lakini tuelewane. Hiyo kidole yako isiingie kwa mdomo ya mtoto wangu."

"Nani ameongea mambo ya kidole?"

"Hata chumvi sitaki. Hata kumfungua mdomo uangalie tu."

"Mimi nimekuja kufua nepi," alisema Selpher, na kweli akafua nepi. Kila asubuhi alitoka Riruta na kila jioni akarudi, maana kwao mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Maxwell mwenyewe, kwa heshima, akimkuta sebuleni alikuwa anakumbuka ghafla kwamba kuna kitu amesahau dukani.

Sasa, mtoto mwenyewe. Hawi alipumua kwa kelele. Si kelele ya kukoroma. Ilikuwa sauti ya mtu anayemaliza soda kwa mrija. Mate yalimtoka mpaka kifua kikalowa. Akinyonya aliachia katikati, akahema, akarudia, akaachia tena. Akilazwa chali midomo ilibadilika rangi. Ukimwegemeza begani, sauti yote inapotea na analala kama malaika.

Ivyne alimpeleka kliniki mara tatu. Mara ya kwanza waliona ni mafua. Mara ya pili waliona ni mzio, wakamshauri aache kufuga paka ndani ya nyumba. Hawakuwa na paka. Mara ya tatu wakasema ni maziwa yanayorudi, ashikiliwe wima, atazoea. Na mara zote tatu Hawi aliingia kwa daktari akiwa begani mwa mama yake, ametulia tuli, macho makavu, anapumua kama watu wa heshima. Ivyne akarudi na karatasi, akaipanga na zile nyingine kwenye droo.

Selpher alikuwa akisikiliza yote hayo akiwa kwenye beseni. Masikio yake yalikuwa yameliliwa na watoto kwa maelfu. Alijua kilio cha njaa, cha tumbo, cha homa, na kile cha mtoto anayefinywa na dadake mkubwa mwenye wivu. Sauti ya Hawi hakuijua. Mafua hayajali umelalaje, alijiambia. Hii kitu inajali. Lakini amwambie nani? Yule mwanamke ambaye maisha yake yote amewaambia watu wa Riruta kwamba mtoto wao ana kitu kooni, asimame sasa amwambie binti yake kwamba mtoto wake ana kitu kooni? Akaendelea kufua.

Ikafika Alhamisi, mwendo wa saa nne asubuhi, Hawi akiwa na wiki sita. Ivyne aliingia kuoga. Mtoto alikuwa kitandani, chali, na ile sauti ya mrija ikiendelea. Halafu ikanyamaza.

Selpher alifika kitandani kabla nepi aliyokuwa nayo mkononi haijagusa sakafu. Macho ya mtoto yalikuwa yamemtoka, mbavu zinaingia ndani, mdomo uko wazi na hewa haipiti, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Hakuomba ruhusa ya mtu. Kidole kiliingia bila maji ya chumvi, bila masoko ya Siaya, bila kuku. Na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane, kidole kikagusa kitu.

Kilikuwa laini na chenye joto. Kilining'inia kutoka juu, nyuma ya kaakaa, kikacheza chini ya kidole, kikateleza, kikarudi. Alikisukuma kando. Hewa ikaingia kwa kishindo na Hawi akalia, na Selpher hakuwahi kupenda kilio kingine kama hicho. Alikaa chini sakafuni na mtoto kifuani.

"Nyasaye wangu," alimwita Mungu wake. "Kumbe viko."

Ivyne alitoka bafuni na povu la sabuni kichwani. "Nini? Amefanya nini?"

"Amezibwa. Ivyne, huyu mtoto ako na kitu kwa koo."

Ivyne alimtazama mama yake, akatazama kidole kilicholowa mate, akaelewa alichotaka kuelewa.

"Umemtia kidole."

"Alikuwa anakufa!"

"Umengoja niingie kuoga, ukamtia kidole. Mama, aki! Kitu moja tu ndio nilikuomba."

"Iko kitu pale, mwanangu. Nimeigusa. Inaning'inia, inacheza."

"Kila mtoto ako na kitu!" Ivyne alipaza sauti, na machozi yakachanganyika na povu. "Wa Mama Isaiah alikuwa na kitu. Wa mchungaji alikuwa na kitu. Hata mimi, umeambia Riruta yote mimi ndio nilikuwa wa kwanza kutolewa. Kuna mtoto umewahi kupata hana kitu, Mama? Hata mmoja?"

Jibu Selpher alikuwa nalo, lakini lilikuwa la namna ambayo mtu halitoi vivi hivi. Ivyne akampokonya mtoto, akamfungulia mlango, akamwambia aende nyumbani, watazungumza siku nyingine.

Alipofika Riruta alikuta akina mama wawili wanamngoja kibarazani na watoto wao, wote wamenona, wote wazima kabisa. Aliwaambia mkono unamuuma. Akaingia ndani, akaketi kitandani na kile kikopo mapajani. Mambo yalikuwa mawili na hayakuwa na la tatu. Hawi akizibwa tena na hakuna mtu karibu, Hawi atakufa, na duniani kote ni Selpher peke yake anayejua kwa nini. Ili aaminiwe kuhusu mtoto mmoja, itabidi akiri kuhusu wale wengine wote. Na wale wengine wote ndio walikuwa jina lake. Ndio waliomfanya akipita sokoni apishwe njia, ndio waliomweka benchi la mbele kanisani. Akisema, kesho atakuwa bibi wa shingo za kuku. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akafunga kikopo vizuri, akajifunga leso, akarudi Mountain View mchana ule ule.

Maxwell alikuwepo. Ivyne alikuwa amempigia simu kazini, na yeye alikuja akidhani kuna msiba. Alipomwona mama mkwe alinyanyuka kutafuta cha kusahau dukani, lakini Selpher alikuwa amesimama katikati ya mlango.

"Baba, kaa," alimwambia. "Leo nitakukosea heshima. Utanisamehe. Ivyne, niletee kikombe."

"Mama, sitaki maneno tena."

"Si maneno. Leta kikombe."

Kikombe kikaletwa, kwa vile Maxwell alikileta. Selpher akakiweka mezani. "Hii ni mtoto," alisema. Akanong'ona masoko yake, akazamisha kidole ndani ya kikombe kitupu, akakitoa, na kwenye ncha kulikuwa na kitu cheupe, laini, kinateleza.

"Yawa!" Maxwell aliruka nyuma.

"Sasa angalia mkono wangu." Alirudia polepole, akawaonyesha kinapokaa, kinavyoshushwa na kidole gumba, kinavyogeuzwa. Akafungua kikopo, akakimwaga chote mezani. "Hii ni shingo ya kuku. Mtoto wa Mbugua wa duka, kuku. Mapacha wa Mama Isaiah, kuku, na wa pili nilitumia kile kile cha wa kwanza kwa sababu viliniishia. Mtoto wa mchungaji, kuku. Miaka ishirini na minane, Ivyne. Umeuliza kama kuna mmoja nilipata hana kitu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitu."

Hawi alikuwa begani kwa mama yake, anapumua vizuri, shahidi wa upande wa pili.

"Hata mimi?" Ivyne aliuliza taratibu.

"Wewe?" Selpher alishangaa. "Wewe sikukugusa. Ulikohoa siku mbili tu nikakukimbiza hospitali bila viatu. Ungekuwa mtoto wa mtu ndio ningekutia kidole."

Ivyne aliketi. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepigwa, kisha akaacha.

"Sasa nisikize," alisema Selpher. "Mimi ni mwongo. Nimekubali, mkwe wangu ni shahidi, na ukitaka nitasema mbele ya kanisa. Hiyo ndiyo inafanya nijue. Koo lisilo na kitu nalijua kuliko mtu yeyote katika Nairobi hii. Hilo la Hawi si hilo. Mlaze chali, mchungulie."

Walimlaza. Ivyne akawasha taa ya simu, akakandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. Hakuna kitu. Akajaribu tena, hakuna kitu. Maxwell alianza kutazama soksi zake. Mara ya tatu mtoto akataka kutapika, na kutoka juu, nyuma ya kaakaa, kikashuka kinyama cheupe chenye wekundu kwa mbali, ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho, kikachungulia, kikarudi kilikotoka.

Kijiko kilianguka. "Mama," alisema Ivyne, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa nyuma ya pazia.

Shamir, bosi wake, alijua madaktari wote wa mjini kwa miandiko yao mibaya, na kwa simu moja akawapatia nafasi jioni hiyo hiyo kwa Daktari Tanvi, mtaalamu wa masikio, pua na koo, orofa ya saba katikati ya jiji. Daktari Tanvi alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, asiyepoteza maneno. Hakumtazama Hawi akiwa begani. Alimlaza. Akasikiliza ile sauti ya mrija, akapitisha puani mwake mpira mwembamba wenye kamera, na kwenye kioo ukutani wote wakakiona kinyama kile kinacheza na pumzi, mbele na nyuma.

"Ni uvimbe, lakini si saratani," alisema daktari. "Ameumbika nao tumboni. Una shina jembamba, ndiyo maana unakuja na kujificha. Wenyewe hauna ubaya. Ubaya wake ni mahali ulipo, unaweza kumziba wakati wowote. Tutampiga picha ya kichwa kwanza tuhakikishe haujaungana na kitu huko juu, halafu tuukate." Akavua glavu. "Ni nadra sana. Mmoja katika makumi ya maelfu ya watoto. Nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii na sijawahi kuuona kwa macho. Nani aliugundua?"

"Mama yangu," alisema Ivyne.

"Ni daktari?"

"Anashughulika na watoto."

Hospitalini walikaa siku tatu. Picha ikatoka safi. Siku ya kukatwa Selpher alikaa kwenye benchi la korido, akamwambia Mungu mambo ambayo hayawezi kuandikwa hapa, mengine yakiwa ni vitisho. Mara ya kwanza maishani alikuwa upande ule wa mama anayengoja, mikono mitupu, huku mgeni ametia vyombo ndani ya mdomo wa mtoto wake. Alijua sasa kwa nini wale akina mama walikuwa wakimlipa bila kuuliza swali. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Daktari Tanvi alitoka akitabasamu. Umetoka wote, mtoto anapumua mwenyewe, wiki ijayo atakuwa ananyonya kwa fujo. Alikuwa na kichupa mkononi, kwa vile hata yeye alikuwa hajamaliza kushangaa.

"Angalieni. Umefunikwa na ngozi, ngozi kabisa kama ya mkononi. Na ukitazama vizuri una vinyweleo."

Selpher alitazama vizuri. Kitu cheupe, laini, chenye vinyweleo na vitundu vidogo vidogo. Alikuwa amevichemsha hivyo kwa miaka ishirini na minane. Mwenyezi Mungu mwenyewe, alipoamua kuweka kitu kwenye koo la mtoto, alikuwa ameweka shingo ya kuku.

"Mama umewahi kuona kitu kama hiki?" daktari alimuuliza kwa adabu.

"Mara nyingi sana," alisema Selpher, na Ivyne akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Hadithi njema ingekomea hapo. Lakini Selpher alikuwa ameahidi kusema, na Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama mbele ya kanisa zima akasema: nimewadanganya, hakuna mtoto wenu aliyekuwa na kitu, ilikuwa kuku. Akaketi akingoja kupigwa mawe. Kanisa likapiga makofi. Jumatatu mtaa mzima ulikuwa na maelezo yake. Mama Ivyne amekuwa mnyenyekevu. Mama Ivyne anaogopa serikali. Lakini ukweli tunaujua: mjukuu wake alipelekwa kwa madaktari watatu wakashindwa, yeye akagusa mara moja tu kwa kidole, na daktari mkubwa wa mjini akainua mikono akasema hajawahi kuona. Kichupa kipo, mtu amekiona. Mbugua wa duka alikasirika kuliko wote: mtoto wake alikuwa na kitu, alikishuhudia kwa macho yake mawili, na hatakubali kuambiwa na mtu yeyote, hata na Mama Ivyne, kwamba kilikuwa kuku.

Wakawa wanakuja kutoka Kangemi, kutoka Uthiru, wengine kutoka huko ng'ambo ya mji. Selpher alinawa mikono, akatazama kwa taa, akasikiliza mtoto akiwa chali na akiwa ubavu, kama alivyofundishwa na Daktari Tanvi, ambaye namba yake ya simu Selpher alikuwa nayo sasa. Kisha akasema neno ambalo hakuwahi kulisema: "Hana kitu. Mzima. Nenda umnyonyeshe." Ungedhani amewatukana. "Kumbe ni wajukuu wako tu ndio wako na kitu?" mmoja alimuuliza. Waliondoka wamenuna, na Selpher alijisikia mwepesi kila walipoondoka. Ukweli ulikuwa unampendeza kama kiatu kipya, ingawa ulimbana. Ivyne alimsifu. Kila Jumamosi alikuja Riruta na Hawi mgongoni, akaketi kando ya mama yake bila pazia, akajivunia.

Jumamosi moja akaja Jacklyne, msichana wa miaka kumi na tisa, na mtoto wa kiume wa miezi miwili. Mtoto alikuwa analia jioni. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote. Selpher alimtazama, akamsikiliza, akamgeuza, akampapasa. Ivyne naye akamtazama. Mtoto aliwatazama wote wawili kwa dharau ya aliyeshiba.

"Hana kitu, mama," alisema Selpher. "Ana afya kukushinda."

Macho ya Jacklyne yalijaa machozi. "Sasa nitamwambia nini mathe wa bwanangu? Amesema nisirudi kwa hiyo nyumba kama haijatolewa."

"Mwambie mimi nimekataa."

"Atasema nimelala njiani." Alianza kumfunga mtoto mgongoni, haraka haraka. "Basi wacha niende kwa Oyoo. Ni mzee wa huko nyuma ya soko, yeye hakatai mtu. Anakata na waya. Ni dakika moja tu."

Alishukuru, akatoka. Selpher hakuinuka. Alikuwa ameahidi, mbele ya mkwe, mbele ya kanisa, mbele ya Mungu. Alimtazama Ivyne, na Ivyne alikuwa amebadilika rangi. Nyuma ya kaunta ya Shamir alikuwa ameshawahi kuwapokea akina mama wa watoto waliokatwa na waya, wakiuliza dawa ya kuzuia damu, na aliwajua wale ambao hawakurudi kuuliza tena.

Ivyne ndiye aliyekimbia. Alimpata Jacklyne kwenye geti, akamshika mkono.

"Dada, rudi. Mama hajaangalia vizuri."

"Si amesema hana kitu?"

"Rudi tu."

Walirudi. Selpher alikuwa amekwisha simama kwenye karai, ananawa mikono kwa sabuni, mara ya kwanza, mara ya pili, na hakumtazama binti yake usoni. Jacklyne aliketi kwenye stuli na mtoto mapajani. Alimgeukia Ivyne, akatazama viatu vyake vya ofisini, kucha zake safi, mtoto wake mgongoni anayepumua bila sauti.

"Wewe umesoma," alisema. "Wewe huwezi kunidanganya. Niambie ukweli, kweli iko kitu?"

"Iko," alisema Ivyne.